Kericho haina deli, ina hoteli, na hiyo stori ni moja

Kila msee anayefika New York siku hizi lazima arushe video akiwa ndani ya deli. Unaijua hiyo picha. Sandwichi imejaa nyama mpaka mkate wa juu unakaa kama kofia ndogo, kando kuna achari ya matango, na mhudumu ni mzee mwenye sura ya mtu ambaye hana haja na stori zako. Sawa, nimeelewa, chakula ni kitamu. Lakini mimi niko Kericho, na swali langu ni la huku: kwa nini sisi hatuna deli? Na kama hatuna, ni nini kinafanya kazi yake?

Nimelifuata hilo swali kwa muda, na limenipitisha kwa reli, kwa mashamba ya chai, kwa Wahindi, kwa Wayahudi waliokaribia kupewa Uasin Gishu, na kwa hiyo chapo unayokula ukingoja matatu ijae. Nakupa msimamo wangu mapema ndio usinisumbue mwishoni: deli ya Kiyahudi na hoteli yetu ya chai na chapo ni za ukoo mmoja. Si ukoo wa damu. Ni ukoo wa njaa, njaa ya mfanyakazi aliye mbali na jiko la mamake. Na zote mbili huuawa na ugonjwa mmoja, ambao tayari umefika huku kwetu.

Nikisema hoteli, wasomaji wa nje wasichanganyikiwe. Kenya hoteli si lazima iwe na vitanda. Hoteli ni mabati, meza ya mbao, benchi, chupa ya chai, na karatasi ukutani inayosema leo hakuna mkopo, njoo kesho.

Deli ni nini hasa

Neno deli ni kifupi cha delikatessen, neno la Kijerumani la vyakula vya kupendeza ambavyo unanunua vikiwa tayari. Wahamiaji wa Kijerumani ndio waliopeleka maduka ya aina hiyo Marekani katika karne ya 19. Wayahudi waliyachukua baadaye na kuyafanya yao.

Walifikaje? Mwaka 1881 mfalme wa Urusi, Alexander II, aliuawa. Wayahudi wakabebeshwa lawama, na makundi ya watu yakaanza kuvamia mitaa yao, kuchoma na kuua. Kuanzia hapo mpaka 1924, Marekani ilipofunga mlango kwa sheria mpya ya uhamiaji, zaidi ya Wayahudi milioni 2 walivuka bahari kutoka Urusi, Poland, Romania na Hungary. Wengi walishukia New York, kwenye mtaa wa Lower East Side.

Sasa weka hayo maisha kichwani. Unashona nguo za watu kuanzia asubuhi mpaka usiku. Unapanga kipembe cha chumba ndani ya nyumba ya familia nyingine, na jiko ni la mwenye nyumba. Hujaoa bado, au mke na watoto bado wako kijijini Ulaya wakingoja uwatumie nauli. Unahitaji chakula kilichoiva, cha bei ya chini, chenye chumvi na mafuta ya kukusukuma mpaka jioni, na ambacho dini yako inakubali. Hapo ndipo deli ilipata kazi.

Hata pastrami yenyewe ni chakula cha watu wa pesa kidogo. Jina limetoka Uturuki, likapitia Romania. Unachukua nyama ngumu ya kidari au ya tumbo, ile ambayo tajiri hataki, unaitia chumvi na viungo, unaivuta kwa moshi, halafu unaipika kwa mvuke mpaka inalegea. Kabla ya friji, chumvi na moshi ndivyo vilivyolinda nyama isioze. Hiyo sandwichi ambayo leo inagharimu zaidi ya dola 20 ilianza kama akili ya maskini.

Kuna jambo moja ambalo watu wa video hawasemi. Sheria ya chakula ya Kiyahudi, kosher, inakataza kuchanganya nyama na maziwa. Kwa hivyo zamani kulikuwa na milango miwili. Asubuhi uliingia duka la samaki wa moshi na jibini laini, unapakwa kwenye bageli, ule mkate wa mviringo wenye tundu katikati. Duka la Russ & Daughters limekuwa likiuza hivyo tangu 1914. Mchana ndio uliingia deli ya nyama. Hapo hakuna jibini na hakuna maziwa. Ukiagiza chai unaletewa ya rangi, na wale wazee waliotoka Urusi waliinywa kwa glasi, kipande cha sukari kikiwa kati ya meno. Katz's, ambayo imekuwepo tangu 1888 na ndiyo unaiona sana mitandaoni, inafuata mtindo huo bila kuwa kosher kamili. Siku hizi deli nyingi huuza kila kitu chini ya paa moja, asubuhi mpaka usiku.

Miaka ya 1930 New York ilikuwa na deli za kosher karibu 1,500. Leo zimebaki makumi machache tu. Shikilia hiyo namba, tutairudia.

Karibu tungepata deli Eldoret

Sasa njoo nyumbani. Mwishoni mwa 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipanda reli mpya ya kwenda ziwani. Alipochungulia dirishani aliona nyanda za juu, baridi nzuri, nyasi, na akaamua kwamba hapo ni patupu. Mwaka 1903 serikali yake ikampelekea Theodor Herzl, kiongozi wa Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao, pendekezo: chukueni sehemu hii muwe na makazi yenu. Sehemu yenyewe ilikuwa Uasin Gishu. Mpaka leo watu huuita Mpango wa Uganda, juu eneo hilo lilikuwa limehesabiwa chini ya Uganda mpaka 1902, lakini ardhi iliyolengwa ni ya Kenya ya leo, pale majirani zetu wa Eldoret wanapolima mahindi na ngano.

Agosti 1903, kule Basel, Uswisi, mkutano wa Wayahudi ulipiga kura: 295 walikubali kutuma watu waje kuangalia, 178 wakakataa. Wajumbe watatu walifika mwanzoni mwa 1905, wakazunguka, wakarudi na ripoti isiyo ya kufurahisha. Mkutano uliofuata mwaka huohuo ukakataa mpango.

Katika hizo kura zote hakuna mtu aliyewauliza Wanandi au Wamaasai. Mwaka huohuo wa 1905, mwezi wa Oktoba, Koitalel arap Samoei aliyeongoza Wanandi dhidi ya Waingereza alipigwa risasi katika mkutano ulioitwa wa amani. Kwa hivyo usinisikie nikisema tulikosa bahati ya pastrami. Ardhi haikuwa ya Chamberlain kugawa. Waliofuata ni Makaburu kutoka Afrika Kusini, waliofika na magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908.

Wayahudi wachache walikuja Kenya hata hivyo. Abraham Block, kijana aliyezaliwa Lithuania, alifika 1903 akitokea Afrika Kusini. Alianza na kilimo na biashara ndogondogo, na mwaka 1927 akanunua hoteli ya Norfolk, Nairobi. Familia yake ikaja kuwa jina kubwa katika hoteli za Kenya. Sinagogi la kwanza la Nairobi lilifunguliwa 1913.

Mbona basi jamaa wa hoteli kubwa vile hakuanzisha deli? Jibu langu: deli haianzishwi na Myahudi mmoja mwenye pesa. Deli inaanzishwa na Wayahudi elfu kumi wasio na pesa. Nairobi hawakuwepo. Mfanyakazi mwenye njaa nchini alikuwa Mwafrika, na aliyekuja kumpikia alitoka upande mwingine wa bahari.

Kabla sijasahau: la, sisi si kabila lililopotea

Najua kuna mtu tayari anaandika, "unaona, Wakale ni Wayahudi!" Hii stori inazunguka sana huku, kwamba tulitoka Misri, kwamba tohara na sheria zetu ni za Biblia. Na kuna kitu kweli kinashangaza. Mwingereza Alfred Claud Hollis alichapisha kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909, na ndani yake ameandika kwamba mtu aliyekula nyama hakuruhusiwa kunywa maziwa mpaka muda mrefu upite. Wamaasai nao walikuwa na katazo kama hilo. Wanandi ni ndugu wa karibu wa sisi Wakipsigis. Ukimpeleka mzee wa Kinandi wa wakati ule ndani ya deli ya kosher, angeielewa menyu kabla yako.

Lakini polepole. Ukiishi kwa ng'ombe, maziwa ndiyo uhai wa boma na nyama ni ng'ombe aliyekwisha. Kuvitenganisha ni njia ya kumheshimu na kumlinda mnyama anayekulisha. Watu wawili wanaofuga wanaweza kufika kwa sheria moja bila kukutana kamwe. Mimi naona hiyo ni stori nzuri kuliko ya ukoo wa siri. Inamaanisha babu zetu walifikiri wenyewe. Hawakuhitaji kuazima akili Misri.

Na kabla ya chai yoyote walikuwa na chakula chao cha kuhifadhi bila friji: mursik. Kibuyu kinasafishwa, ndani kinapakwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yanatiwa, yanafungwa, yanangoja. Myahudi wa Romania alitumia chumvi na moshi kwa nyama, koko wa Kipsigis akatumia mkaa kwa maziwa. Wote wawili walikuwa wanapigana na siku ya kesho.

Reli, posho na chapo

Sasa tuingie jikoni kwetu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta karibu Wahindi 32,000 kujenga reli ya Mombasa mpaka Kisumu. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi walirudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Nyuma ya hao wakaja wafanyabiashara, waliofungua duka kwenye kila steji ya reli. Allidina Visram peke yake alikuwa na maduka kuanzia pwani mpaka Uganda. Hata neno duka limetoka Uhindini. Neno chapati pia. Chai imesafiri mbali zaidi: ni jina lililotoka China, likapita Uajemi na Uhindini, likatufikia likiwa limechoka na limeshazoea maziwa na tangawizi.

Kericho haikuwa kwenye reli. Mizigo ilishuka Lumbwa, pale leo panaitwa Kipkelion, halafu ikapandishwa huku juu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilichukua ekari 25,000 za Wakipsigis na kuwapa maofisa Waingereza waliolemaa vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, na milima ikageuka kijani hiki unachopiga picha. Ukoo wa Talai, ambao serikali iliuogopa kwa sababu watu waliusikiliza, ulihamishwa wote kwa nguvu kuanzia 1934 na kutupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Shamba la chai haliwezi kusubiri. Majani yanachumwa kila baada ya siku chache, mvua au jua. Kwa hivyo walihitajika maelfu ya watu: Wakipsigis, Waluo, Wakisii, Waluhya. Wanaume wengi walikuja peke yao na kipande shingoni, wakaishi kambini. Mwajiri alitoa posho, yaani unga wa mahindi. Unga, ndugu yangu. Mtu ametoka kuchuma tangu alfajiri, amelowa, mgongo unauma, kisha aanze kutafuta kuni asonge ugali.

Unaiona Lower East Side hapo? Ni watu walewale, ila jasho la huku ni la mvua. Mwanaume mbali na kwao, chumba cha kushirikiana, jiko hakuna, mshahara mdogo unaokuja kwa awamu. Popote hali hiyo ilipo, kuna mtu atawasha moto na kuuza chakula kilichoiva. New York aliwasha Myahudi aliyejua nyama ya chumvi. Huku moto uliwashwa na yeyote aliyekuwa na sufuria, na alichopika kilikuwa kimechanganyika tayari: chai ya maziwa ya Kihindi, chapati ya Kihindi, mandazi ya pwani, maharagwe, sukuma, ugali. Hoteli haikuwa na kabila. Haikuweza kuwa nalo, juu wateja walitoka kila mahali na kila mmoja alitaka kushiba.

Angalia basi safari ya chapo. Kwa wazazi wetu wengi chapati ilikuwa ya Krismasi, unasikia harufu unajua kuna sherehe. Leo ni breakfasti ya mtu wa boda. Pastrami imetembea njia hiyohiyo kinyume: ilianza kwa fundi cherehani, leo iko kwa mtalii. Hakuna chakula kilichozaliwa kikiwa cha heshima au cha kudharauliwa. Kinategemea nani ameketi mezani.

Nani alikaa wapi

Hapa ndipo sitaki tuwe watu wa kusifu tu. Hoteli za aina ya pili, zenye vitanda na vitambaa vyeupe, kwa miaka mingi ya ukoloni zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, akiwa amebeba sinia. Miaka ya 1950 Brooke Bond ilijenga Tea Hotel hapa Kericho, bustani nzuri, mashamba ya chai mpaka ukingo. Fikiria umechuma jani, limeenda kiwandani, limerudi kwenye birika la fedha hatua chache kutoka kambini kwako, na kikombe hicho si chako. Mwafrika hakuruhusiwa hata kupanda chai yake ya biashara mpaka hiyo miaka ya 1950. KTDA, ya wakulima wadogo, ilikuja 1964, baada ya Uhuru.

Ndio maana napenda sana meza ya tatu ya mji huu, ambayo watu wengi wa rika langu hawajawahi kuikaribia. Ni gurdwara, hekalu la Kalasinga, jengo jeupe kubwa ambalo watu husema hakuna la kulishinda Afrika. Limejengwa mahali palipokuwa na karakana ya Baba Puran Singh, fundi kutoka Punjab aliyefanya kazi Kericho miaka mingi kabla ya kuhamia Birmingham, Uingereza, alikofariki 1983. Wafuasi wake Uingereza mpaka leo wanamwita kwa jina la mji wetu, Kerichowale. Yaani kuna watu Birmingham wanaolitaja jina Kericho kwa heshima, na wewe unaona aibu kusema umetoka huku.

Ndani ya kila gurdwara kuna langar, jiko la wote. Desturi hiyo ilianza na Guru Nanak, aliyezaliwa 1469, katika nchi ambapo mtu wa tabaka la juu hakula na wa tabaka la chini. Sheria ni rahisi: vua viatu, funika kichwa, keti sakafuni kwenye mstari mmoja na wengine. Hakuna nyama, ili asiwepo wa kukataa kwa ajili ya dini yake. Hakuna bili. Unapewa chapati, dengu, mboga, chai. Madereva wa Mombasa Road wanaijua hii kitu kupitia gurdwara ya Makindu, iliyoanzishwa na Masingasinga wa reli na inayolisha wasafiri mpaka leo.

Deli, hoteli, langar. Ya kwanza ilimlinda mgeni asipoteze dini yake mezani. Ya pili ilimlisha mtu yeyote mwenye sarafu. Ya tatu ilisema hata sarafu kaa nayo. Nikiziweka pamoja, naona kitu ambacho watu wa mapishi hawaangalii: kwenye historia ya chakula, kiti kina uzito sawa na sahani.

Ugonjwa wenyewe

Rudi kwa ile namba, deli 1,500 mpaka makumi machache. Nini kilitokea? Watoto wa mafundi cherehani walisoma, wakapata kazi nyingine, wakahamia vitongoji vya mbali. Viwanda vya nguo vikaondoka mjini. Kodi ya nyumba ikapanda, nyama ikapanda, supamaketi zikaanza kuuza kilekile kwenye pakiti. Sehemu ya hiyo stori ni nzuri, siwezi kulia kwamba watoto wa maskini walifaulu. Lakini deli haikuwa na mteja tena mlangoni saa saba mchana. Zilizobaki nyingi zinaishi kwa watalii na kumbukumbu.

Huku kwetu mteja anaondoka kwa njia nyingine. Kampuni kubwa zimeleta mashine za kuchuma chai, na mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Mei 2023 hasira ililipuka Kericho na mashine kadhaa zikachomwa. Tangu wakati huo majina ya wenye mashamba yamebadilika, Finlays na Lipton wakauzia kampuni ya Sri Lanka, Browns, lakini mashine hazijarudi stoo. Upande wa wakulima wadogo nao, ukienda Mogogosiek, Litein au Sotik, watu wanakuambia bonasi ya viwanda vyetu haifiki ile ya viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa. Bonasi ikiwa nyembamba, hoteli ndiyo ya kwanza kujua. Mtu anayekula chapo mbili na ndengu anarudi chai kavu. Baadaye anabeba chakula kutoka nyumbani. Baadaye haji.

Mashine haili chapo. Nimeliona hilo kwa macho. Pale karibu na kwetu kulikuwa na hoteli tatu zinazofuatana, zote zikiishi kwa watu wa kambi. Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili, hizo ndizo zilikuwa ofisi yangu, chai ya shilingi 20 na mahali pa kuchaji simu wakati naedit video. Mama mwenye hoteli ya katikati aliwajua wachumaji kwa majina na kwa madeni. Daftari lake lilikuwa benki ya kambi: nani amekula leo, atalipa tarehe ngapi, nani ana mtoto mgonjwa asidaiwe wiki hii. Sasa imebaki hoteli moja, na si yake.

Ukiniambia huo ni uchumi tu, mambo hubadilika, nitakubali nusu. Sitaki mtu arudi kuinama shambani miaka 30 ili mimi nipate stori tamu ya hoteli. Kazi ile ni ngumu na mshahara wake haujawahi kuwa wa kujivunia. Tofauti ni hii: New York mteja wa deli aliondoka kwa sababu alipata njia ya kupanda. Huku mchumaji anaondoka bila kuambiwa anaenda wapi. Hiyo ndiyo sehemu ya kukasirikia. Na hasira hiyo haiko ndani ya takwimu za mauzo ya nje, ambazo kila mwaka zinatuambia chai inaingizia Kenya mabilioni. Iko kwenye lile benchi tupu saa nne asubuhi.

Kitu ambacho tunaweza kufanya

Wayahudi wa Marekani walichelewa, lakini waliamka. Waliandika kuhusu deli, wakarekodi wazee, wakafanya maonyesho ya makumbusho, na vijana wengine wakarudi kufungua deli mpya wakipika nyama kwa njia ya zamani. Sisi hoteli zetu hazina hata picha nzuri. Tuna picha elfu za milima ya chai, na labda tatu za ndani ya hoteli alimokula mtu aliyeichuma.

Kwa hivyo mbogi ya Kericho na Bomet, kazi ni hii, na haihitaji digrii. Ingia hoteli ya zamani iliyo karibu na wewe. Keti, agiza, lipa kama mtu. Halafu muulize mwenye hoteli maswali manne. Nani alikufundisha kusukuma chapati? Wateja wako wa kwanza walikuwa wakina nani na walitoka wapi? Ni mwaka gani hoteli ilijaa zaidi? Na daftari la madeni, bado unalo? Rekodi kwa simu, kwa Kiswahili au Kikipsigis, vyovyote vile. Andika tarehe. Usiweke muziki juu ya sauti yake. Na kama amesema jina lake lisitajwe, lisitajwe.

Siku nyingine ukiwa mjini, pita pia gurdwara kwa adabu, funika kichwa, keti sakafuni. Utakula chapati iliyotangulia ile ya steji kufika hapa.

Ukipata mtu anayekumbuka hoteli za kambini miaka ya 1960 au 1970, niandikie haraka. Hao wazee hawangoji bonasi ya Oktoba.